Sinagogi la Rhodes na nusu ya historia yake iliyobaki Lubumbashi

Anayesoma Biblia ya Kiswahili amekwisha kupita Rhodes, huenda bila kujua. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 21, Paulo na wenzake wanatweka tanga, wanafika Kosi, kesho yake Rodo, kisha wanaelekea Patara. Rodo ndiyo Rhodes, kisiwa cha Ugiriki kilicho pua na mdomo na pwani ya Uturuki. Msomaji ayashike majina hayo mawili, Kosi na Rodo, maana yatarudi pamoja hapa mbele, katika safari nyingine ya baharini.

Ndani ya kuta za mji mkongwe wa Rhodes, kwenye mtaa wa Wayahudi ambao wenyewe waliuita La Juderia, liko sinagogi dogo la Kahal Shalom. Jina lake kamili ni Kahal Kadosh Shalom, Kusanyiko Takatifu la Amani, na hiyo shalom ina asili moja na salamu yetu tuliyoipata kwa Waarabu. Uani pana chemchemi ya mawe yenye maandishi ya mwezi na mwaka kwa kalenda ya Kiyahudi: Kislev 5338, ambao kwetu ni mwaka 1577. Katika Ugiriki nzima hakuna sinagogi kongwe kuliko hilo ambalo bado linasaliwa. Wanaosali sasa ndio tatizo. Wayahudi wanaoishi kisiwani ni makumi machache tu, na wengi wao ni watu wa familia zilizotoka Ugiriki bara baada ya Vita Kuu ya Pili. Rabi wa kudumu hakuna. Ibada kamili hudai wanaume kumi waliotimiza miaka 13, hesabu ambayo Wayahudi huiita minyan, na Ijumaa jioni ya kiangazi hesabu hiyo hutimia kwa watalii: huyu katoka Brussels, yule Cape Town, wale wawili Los Angeles. Majira ya baridi, meli za watalii zikiisha, kumi hawapatikani.

Karibu kila ninachokisoma kuhusu sinagogi hili kimeandikwa kwa sauti ya tanzia. Jumuiya kongwe, vita, treni, ukimya, jumba la makumbusho. Sina ugomvi na huzuni hiyo, ni ya haki kabisa. Ninachokipinga ni kwamba tanzia hiyo huishia njiani. Jumuiya ya Rhodes ilikuwa imekwisha kugawanyika miaka thelathini kabla ya Wajerumani kufika, na kipande chake kimoja kikubwa kilikuwa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, kikiuza vitambaa na samaki na kuzungumza na wateja wake kwa Kiswahili. Wanahistoria wa Ulaya hukitaja kwa mstari mmoja. Sisi wenye lugha hatukitaji kabisa, isipokuwa msimu wa uchaguzi wa Kongo ukikaribia.

Nianze na jengo, kwa sababu jengo lenyewe linasema mengi. Mtu akiingia anakuta sakafu ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa nakshi, ufundi ule ule unaouona kwenye nyua za nyumba za zamani za visiwa hivyo, ziwe za Wagiriki au za Waturuki. Katikati lipo jukwaa la kusomea Torati, na taa zinaning'inia juu yake. Ukutani, upande unaoelekea Yerusalemu, makabati ya magombo ni mawili, moja kila upande wa mlango wa kutokea uani, ilhali masinagogi mengi huwa na moja tu. Wanawake zamani walikaa katika vyumba vya pembeni, wakifuata ibada kupitia matundu ya ukuta yenye mapazia. Roshani yao ilijengwa miaka ya 1930. Vyumba vile vya pembeni sasa ndivyo makumbusho, iliyoanzishwa mwaka 1997 na mwanasheria wa Los Angeles mwenye asili ya kisiwa hicho. Hebu tulitazame hilo kidogo. Makumbusho ya Wayahudi wa Rhodes haikuanzishwa na serikali ya Ugiriki wala na mji wa Rhodes. Ilianzishwa na mjukuu wa waliohama.

Historia ya kale nitaipitia mbiombio. Wayahudi wa Rhodes wanatajwa tangu karne ya 2 kabla ya Kristo. Msafiri Benjamin wa Tudela alipopita katika karne ya 12 aliwahesabu kama 400. Wakaja watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, wakatawala tangu 1309. Mwaka 1480 Waturuki waliuzingira mji, na Wayahudi wakapigana kuulinda pamoja na watawa hao. Shukrani waliyoipata ni amri ya mwaka 1502: ubatizo au kufukuzwa. Sultani Suleiman alipoutwaa mji mwaka 1522, aliruhusu Wayahudi warudi, na waliokuja wengi walikuwa wa asili ya Hispania, waliofukuzwa huko mwaka 1492 wakatawanyika katika miji ya dola ya Osmania kama Thessaloniki. Walikuja na Kihispania chao cha karne ya 15, ambacho baadaye kilichanganyika na Kituruki, Kigiriki na Kiebrania kikawa Kiladino. Miaka 400 baadaye bibi wa La Juderia alikuwa bado anamwimbia mjukuu wake kwa lugha hiyo, ingawa hakuwahi kuiona Hispania wala mama yake hakuwahi.

Utawala wa Osmania haukuwa pepo. Mwaka 1840 mtoto wa Kigiriki alipotea, na Wayahudi wakasingiziwa kwamba wamemchinja kwa ajili ya damu ya ibada, ule uzushi wa zamani wa Ulaya. Mtaa wao ukafungwa, watu wasiingie wala kutoka, na baadhi wakateswa mpaka wakakiri wasiyoyatenda. Uchunguzi wa dola uliwaachilia, na mtoto baadaye akaonekana mzima kwenye kisiwa cha Syros. Novemba mwaka huo huo Sultani Abdülmecid akatoa firmani ya kuukana uzushi huo. Nataja kisa hiki kwa sababu kuna watu siku hizi wanaosimulia kwamba Wayahudi na majirani zao wa kisiwani waliishi kama maji na samaki hadi Hitler alipotokea. Waliishi pamoja, ndiyo. Walipashana ada za vyakula, walikodishana maduka, walisaidiana ugonjwa ulipobisha. Na mara moja moja jirani aliweza kuamini kwamba mwenzake anakula damu ya mtoto wake. Ujirani huwa na yote mawili.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaa ulikuwa na watu zaidi ya 4,000, na kazi hazikutosha. Kwao mahari hutoka kwa upande wa mwanamke, kwa hiyo kaka mwenye dada watatu alikuwa na mzigo kichwani kabla hajaanza hata kunyoa ndevu. Mwaka 1909 dola ya Osmania ikaanza kuwaandikisha jeshini vijana wasio Waislamu. Mwaka 1912 Italia ikakitwaa kisiwa, na biashara na bara la Uturuki ikakatika. Vijana wakaanza kutoka: Marekani, Argentina, Afrika Kusini, Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji. (Wapo waliowahi kudhani Rhodesia ilipewa jina la kisiwa hicho. Hapana, ni la Cecil Rhodes, Mwingereza asiyehusika na kokoto za Kahal Shalom hata kidogo.)

Kwa nini Kongo, hasa Katanga? Sababu ya kwanza ni shaba: mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910, na mji wa mgodi huhitaji wachuuzi kabla haujahitaji washairi. Sababu ya pili ni shule. Taasisi ya Alliance Israélite Universelle ya Paris ilikuwa imefungua shule kisiwani, na kijana wa La Juderia alijifunza Kifaransa darasani, akazungumza Kiladino nyumbani, Kigiriki na Kituruki sokoni. Ukimshusha mtu huyo Elisabethville, Kifaransa cha wakubwa anacho, na Kiswahili cha wateja atakipata kwa miezi michache, kwa sababu kuongeza lugha ni jambo alilolizoea tangu utotoni. Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo msomaji wa pwani haitamshangaza: mjomba. Akishatangulia mmoja, anamwita mpwa. Mpwa anakaa nyuma ya kaunta miaka mitatu minne, anafungua duka lake kwenye kituo kingine cha reli, naye anamwita mdogo wake. Akipata uwezo anaandika barua kwao atafutiwe mchumba, na picha hutangulia kabla ya bibi harusi. Ni njia ile ile iliyomtoa Mhadhrami Shihr ikamweka Tanga, na Mhindi Kutch ikamweka Mwanza. Mrodesi wa Katanga alikuwa mtu wa jamii hiyo, mwenye duka wa kona, ila yeye Wabelgiji walimhesabu kama mzungu.

Hapo ndipo simulizi za familia hujikwaa. Wazee wa Rhodes waliosimulia maisha ya Kongo husisitiza kwamba Wabelgiji waliwadharau, waliwaona wazungu wa daraja la pili wanaokaa mno na Waafrika. Ni kweli. Lakini daraja la pili la wazungu lilikuwa bado ghorofani. Mkongo hakuruhusiwa kukaa mtaa walimokaa, wala hakupata mkopo waliopata, na mchimbaji wa mgodi aliyenunua samaki mkavu kwao alikuwa akiishi chini ya sheria ambazo kwao hazikuhusu. Watu waliokuwa wanyonge Rhodes walikuwa na nguvu Katanga, ndani ya maisha ya mtu mmoja. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja wa habari hiyo.

Jumuiya ya Kiyahudi ya Elisabethville iliundwa mwaka 1911, na kufikia 1930 sinagogi lao lilikuwa limesimama katikati ya mji, na bado limesimama. Rabi waliyempata mwaka 1937, Moïse Levy, alikuwa amesomea chuo cha marabi cha Rhodes. Chuo hicho Waitalia walikifungua mwaka 1928 kwa matumaini ya kueneza ushawishi wao katika Mashariki ya Bahari ya Kati, na wao hao wakakifunga mwaka 1938 walipopitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Chuo kilidumu miaka kumi. Mhitimu wake mmoja akaongoza ibada Kongo hadi mwaka 1991. Kwa hiyo ada za Rhodes, tuni za sala, namna ya kusoma Torati, viliendelea kufundishwa Lubumbashi kwa karibu nusu karne baada ya kunyamaza Rhodes kwenyewe.

Sasa yale majina mawili. Septemba 1943 Italia ilipojisalimisha, Wajerumani walikitwaa kisiwa. Kwa miezi kadhaa Wayahudi hawakuguswa sana. Kilichowaua mwanzoni mwa 1944 kilikuwa mabomu ya Waingereza yaliyolenga bandari yakaangukia La Juderia, na sinagogi kubwa kuliko yote, Kahal Gadol, likabomolewa. Kahal Shalom likapona. Julai wanaume wakaamriwa wajisajili kwenye jengo la makao ya jeshi la anga, kisha wanawake na watoto wakaambiwa wawafuate na vitu vyao vya thamani. Orodha za majina zilikuwapo tayari, zimeandaliwa na Waitalia. Kisiwa kidogo, mtaa mmoja, kila mtu anajulikana, bahari pande zote: mambo yale yale yaliyoitunza jumuiya kwa karne nyingi ndiyo yaliyowafanya wasiwe na pa kukimbilia. Tarehe 23 Julai 1944 watu zaidi ya 1,600 walipakiwa kwenye matishari, na njiani wakaongezwa Wayahudi wa Kos. Kosi na Rodo. Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, walisafirishwa kwa treni hadi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani, wakafika tarehe 16 Agosti. Safari nzima siku 24, na Roma ilikuwa imekwisha kukombolewa tangu Juni. Siku tisa baada ya wao kufika, Paris nayo ikakombolewa. Wajerumani walikuwa wakishindwa kila upande, na bado walipata mafuta, matishari na mabehewa ya kuwabeba bibi wa kisiwani kuvuka Ulaya nzima ili wakawaue. Waliorudi walikuwa wapatao 150.

Watu wawili kisiwani nawataja kwa heshima. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alikwenda kwa Wajerumani akadai wenye uraia wa Uturuki, kisha akadai wake na waume zao pia, akisema sheria ya Uturuki inamhesabu mwenzi wa Mturuki kuwa Mturuki. Sheria hiyo haikuwapo. Aliitunga pale pale. Akawatoa watu kama 40 hivi, na Israel ilimtambua rasmi mwaka 1989. Wa pili ni mufti wa Rhodes, Sheikh Süleyman Kaşlıoğlu, ambaye jumuiya humkumbuka kwa kuyaficha magombo ya Torati mpaka vita vikaisha. Msomaji Mwislamu anayesikia kila siku kwamba uadui wa Waislamu na Wayahudi ni wa tangu na tangu, aliweke hilo kando ya hayo mengine anayoambiwa.

Baada ya vita, waliobaki hai walikwenda wapi? Wachache sana walirudi kisiwani. Nyumba zilikuwa na watu wengine, na mwaka 1947 Rhodes ikawa ya Ugiriki, nchi ambayo hawakuwahi kuwa raia wake. Wengi waliwafuata wale wajomba. Sami Modiano, aliyepelekwa Auschwitz akiwa na miaka 14, aliishi Kongo miaka mingi kabla ya kurudi Italia, na uzeeni akawa anakwenda Rhodes kila kiangazi, anakaa Kahal Shalom na kuwasimulia wageni. Mlinzi wa kumbukumbu za sinagogi alipitia kwetu. Hili kwangu ndilo linaloifanya tanzia ya kawaida isitoshe: umaskini na mahari za dada ndivyo vilivyowatoa watu kisiwani, wazee wakawalilia kana kwamba wamepotea, na hao waliopotea ndio waliopokea mabaki, ndio waliochangia ukarabati, na ndio ambao wajukuu zao hukamilisha watu kumi Ijumaa jioni.

Kipande cha Katanga nacho kilipungua, kwa mwendo wa polepole. Vurugu za 1960 na kujitenga kwa Katanga ziliwaondoa baadhi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kutwaa maduka na mashamba ya wageni kuwapa Wazaire, na duka la kona likapata mwenyewe mpya kwa amri. Uporaji wa 1991 ukamalizia. Wakaenda Brussels, Cape Town, Israel. Sinagogi la Lubumbashi leo lina shida ile ile ya Kahal Shalom, yaani kuwatafuta wanaume kumi.

Lakini si wote walioondoka. Nissim Soriano alitoka Rhodes wakati sheria za ubaguzi za Italia zikianza kubana, akafanya biashara ya samaki kando ya Ziwa Mweru, ambako, kwa kichekesho cha dunia, baadhi ya washindani wake walikuwa Wagiriki waliotoka visiwa jirani na chake. Alizaa na mwanamke wa huko. Mwanawe Moïse Katumbi, aliyezaliwa Kashobwe mwaka 1964, akawa tajiri, rais wa TP Mazembe, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na mgombea urais mwaka 2023. Mwaka 2018 mahasimu walimwandama kwa uraia wa Italia aliowahi kuwa nao. Mwaka 2021 muswada ukafikishwa bungeni Kinshasa ukitaka urais uwe wa mtu ambaye baba na mama wote ni Wakongo, na kila mtu alijua muswada huo umeshonwa kwa vipimo vya nani.

Sina kura Kongo na siasa za Katumbi simtetei nazo. Mtu anaweza kumpinga kwa sababu nyingi nzuri. Ila napenda tutazame hoja yenyewe. Mwaka 1938 serikali ya Roma ilipekua ukoo wa watu wa Rhodes ili iamue nani anastahili kuwa wa nchi. Miaka zaidi ya themanini baadaye, bunge la nchi nyingine linaletewa pendekezo la kupekua ukoo wa mtoto wa mmoja wao, na swali likawa la baba alikozaliwa. Mzani si ule ule, na hakuna aliyepakiwa tishari. Wapo Wakongo wenye uchungu halali na mali zilizoliwa na wageni kwa karne nzima, na uchungu huo hauponywi kwa kuambiwa kisa cha La Juderia. Hata hivyo mtu aliyezaliwa Kashobwe, aliyenyonya Kibemba na kukulia Kiswahili, akiulizwa uzalendo wake kwa cheti cha baba, naona ni haki kuuliza ni lini ukoo wake utamaliza mtihani huo. Na watoto wengine wa wenye maduka, ambao baba zao waliondoka bila kuwaandikisha jina, wako wangapi mitaani Likasi na Kolwezi? Hao hakuna muswada unaowataja.

Ndani ya Kahal Shalom, ukutani, pana kibao chenye majina ya koo zilizopelekwa Auschwitz. Wageni wengi hukisoma haraka, kwa sababu majina ni ya kigeni kwao, wanapiga picha na kutoka kwenda kuangalia chemchemi ya uani. Alhadeff, Benatar, Hasson, Soriano. Mtu wa Lubumbashi akisimama mbele ya ukuta huo hatasoma haraka, maana nusu ya majina hayo babu yake aliyasoma juu ya milango ya maduka.